Ukoko wa Sufuria Yangu

Mwanamke aliyekuja kutupakia nyumba rangi alikuwa mzuri, na hilo peke yake lilitosha kuniharibia Jumamosi. Ukiambiwa fundi anakuja, akilini unamweka mzee mmoja mwenye kikohozi na kofia iliyochakaa. Mimi nilifungua mlango nikakuta suruali ya kazi iliyomkaa sawasawa, shingo ndefu, kitambaa cha kichwani kilichofungwa kwa ustadi. Alinisalimu vizuri, sitamsingizia. Lakini macho yake yalinipita begani, yakaenda kumtafuta mume wangu nyuma yangu.

"Wifi, Mwalimu yuko wapi?" akauliza.

Wifi. Haya.

Kila mtu humwita mume wangu Mwalimu, maana anafundisha hesabu. Huyu fundi wanamwita Brashi. Walikulia nyumba mbili za jirani, wakaoga mvua pamoja, wakapigwa pamoja walipokosa, na aliyemleta siku hiyo ni mama mkwe wangu mwenyewe. Alikuwa amesema kwa nini tumtafute mtu baki na mwanawe yupo. "Mwanangu Brashi," alimwita hivyo, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu.

Mama mkwe hanitaki, na hajawahi kujisumbua kulificha. Kwanza niliwahi kuolewa nikaachika. Pili, namzidi mwanawe umri, na hiyo miaka huitaja kana kwamba nimeiiba kabatini kwake. Ulimi wake nimeuzoea. Mimi fundi cherehani, nakaa na wateja kutwa, maneno makali yananiingilia huku yanatokea kule. Kilichokuwa kinanila ni Mwalimu. Mama yake akianza kunisema, yeye hukuna kidevu, hutazama sakafu, hunyamaza kimya. Sikujua ndani ya kimya hicho kuna nini. Mume wangu wa kwanza naye alikuwa mnyamavu hivyo hivyo, mpaka siku aliyofungua mdomo kuniambia nitafute pa kwenda.

Kwa hiyo Mwalimu aliponiambia tuhamie nyumba ya babu yake mzaa mama, niliruka kwa furaha. Ilikuwa imefungwa muda mrefu. Darini popo, milango imevimba haifungi, jikoni sakafu imebomoka. Mimi sikujali. Ilikuwa mbali na kwa mama yake, basi. Tuliirekebisha kidogo kidogo jioni baada ya kazi: yeye akiranda milango huku anapiga mluzi, mimi nikishona mapazia, tukiziba nyufa wote wawili mpaka nywele zikawa nyeupe kwa plasta. Kisha nilikuwa napika. Napenda kupika vitu vizito vya kumkalisha mtu chini: maharage yaliyoiva yakalainika, supu ya kuku yenye viazi, wali. Na baada ya wali, ukoko.

Hapo lazima nieleze. Mara ya kwanza Mwalimu kufika kwangu alileta suruali nimpunguzie kiuno, akanikuta nimepakata sufuria nakwangua ukoko kwa kijiko. Niliona haya nikaificha chini ya meza. Akaniambia nisifiche, nimpe kidogo. Nikampa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatafuna polepole, akasema ukoko haupewi mtu ovyo, ni kitu cha watu wanaopendana. Suruali aliisahau, akairudia kesho yake, na kesho kutwa akaja bila suruali yoyote. Tangu tuoane, wali ukiisha tunakaa kwenye ndoo jikoni na kijiko kimoja, zamu kwa zamu. Wengine wana nyimbo zao na maua yao. Sisi tuna ukoko.

Sasa turudi kwa Brashi. Aliiangalia sebule, akagonga ukuta hapa na pale, akasema kazi yake ina sharti moja. Rangi inapakwa na watu wawili. Mmoja anatangulia na brashi juu na pembeni, mwingine anamfuata na rola rangi ikiwa bado mbichi. Ukuta ukishaanzwa hakuna kusimama mpaka mfike pembeni. Mkisimama katikati inakauka, inaacha mstari, na mstari huo hauondoki hata mkirudia. Nikasema basi nitashika rola mimi. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole, bila ubaya, akasema Mwalimu ni mrefu, hahitaji ngazi.

"Wewe wifi tupikie tu," akasema. "Tutakuwa na njaa sisi."

Sisi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma, nikaingia jikoni.

Jiko na sebule vinatenganishwa na ukuta mwembamba, neno la upande huu linasikika upande ule. Niliwasikia wakicheka. Sijui walichekea nini, maneno yalinipotea kwenye mlio wa vitunguu vikikaangwa, ila kicheko cha mume wangu nilikijua. Kilikuwa kile cha tumboni, kinachomtoa machozi. Nikajiambia tulia, watu wamekua pamoja, wacha wacheke. Baadaye wakaacha kucheka, na hapo ndipo nilipotaabika zaidi. Mtu akicheka unajua anafanya nini. Nilichukua bilauri ya maji nikajifanya nawapelekea. Nikakuta Brashi anamfuta Mwalimu tone la rangi shavuni, kwa ncha ya kitambaa chake, na Mwalimu amemsogezea shavu kama mtoto anayefutwa makamasi.

Nasema wazi, damu ilinichemka. Eti wifi. Dada wa mtu hamfuti kaka yake kwa kuchelewesha mkono namna ile.

Nilirudi kwenye sufuria zangu nikaamua nitapika mpaka mtu ajue hapa kuna mke. Supu niliifanya nzito, viazi vikiyeyuka. Wali niliupika wa punje moja moja, nikapunguza moto nikaacha chini ujishike vizuri, maana nilitaka ukoko wa siku hiyo uwe wa dhahabu. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: mgeni akishakwenda zake, mimi na mume wangu kwenye ndoo zetu.

Wakati wa chakula mama mkwe naye akaingia. Alipita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria yangu, akachovya kidole, akasema chumvi imepungua lakini ndiyo mapishi ya siku hizi. Mwalimu akakuna kidevu. Tukala sote sebuleni, magazeti yametandikwa chini, harufu ya rangi puani. Brashi alikula vizuri na akasifu, na sifa zake zilinikera kuliko kasoro za mama mkwe.

Chakula kilipokwisha, Mwalimu aliinuka akaleta sufuria ya wali. Nikaona anautoa ukoko mzima, umekauka vizuri, rangi ya asali. Nikamtazama nikicheka machoni. Akaukata vipande viwili, na kile kikubwa akakiweka kwenye sahani ya Brashi. Hakufikiri hata kidogo. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Mama mkwe akapiga makofi.

"Bado mnakumbuka," akasema. "Hawa walikuwa wanaupigania ukoko wangu. Wanakaa wawili juu ya ndoo, kijiko kimoja, mpaka giza liingie. Nikawa nawaambia majirani, hawa msije mkawatenganisha."

Ndoo. Kijiko kimoja. Kumbe hata hicho nilichodhani ni changu nilikuwa nimerithi, kama mtu anayevaa gauni la harusi la mwenzake akidhani limeshonwa kwa ajili yake. Mwalimu alininyooshea kipande kidogo kilichobaki. Nilimwambia ampe mama yake, mimi nimeshiba, nikakusanya vyombo kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alinifuata ukumbini. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimekuwaje, nikamwambia sijawa kitu, akaniuliza tena, nikamwambia aliniambia kwa mdomo wake kwamba ukoko ni kitu cha watu wanaopendana.

"Ni ukoko tu, Sindano," akasema. Sindano ndilo jina analoniita, kwa ajili ya kazi yangu na kwa ajili ya ulimi wangu.

Ni ukoko tu. Nilikuwa bado natafuta jibu Brashi akaita kutoka sebuleni kwamba rangi imeshakorogwa, wanaanza ukuta mkubwa. Na Mwalimu akaenda. Aliniacha nimesimama na masahani mikononi akaenda.

Nikajikaza. Wallahi nilijikaza, niliosha sahani moja, nikaosha ya pili, ya tatu ikanishinda. Nikaenda kusimama mlangoni mwa sebule. Walikuwa wamefika katikati ya ukuta. Brashi juu ya ngazi, Mwalimu chini yake, wanakwenda pamoja bila kuambizana, huyu akisogea na huyu anasogea. Walipendeza kutazama, na nilichukia kwamba walipendeza.

"Mwalimu, njoo."

"Nikifika pembeni nakuja."

"Njoo sasa hivi."

Akageuza macho. Hakunitazama mimi. Alimtazama Brashi kule juu, kama anayeomba ruhusa.

"Basi kaa naye," nikasema. "Pakeni nyumba nzima, kisha mhamie. Mimi nimeshawahi kutoka kwenye nyumba ya mwanamume. Njia naijua."

Mama mkwe alikuwa barazani, na kikombe chake kikasimama njiani kwenda mdomoni. Mwalimu alibaki na rola mkononi, rangi ikimdondokea kwenye kiatu. Nilisubiri aseme neno, hata la kunitukana. Alinyamaza.

Nikarudi jikoni. Nilishika sufuria ya wali nikaanza kuisugua chini kana kwamba imenikosea, machozi yananitoka yanachanganyika na sabuni. Nikasikia hatua nyuma yangu. Nikasema moyoni, Mwalimu kaja. Nilipogeuka alikuwa Brashi, na brashi yake mkononi inachuruzika.

Akaegemea mlango. Safari hii hakuniita wifi.

"Dada, nikuulize kitu. Ni kweli unarudi kwa mume wako wa kwanza?"

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nani kakwambia?"

Alitupa jicho upande wa barazani, nikaelewa. Kisha akaniambia yote kwa utulivu. Kwamba mama mkwe alimpigia simu akamwambia nimeshafunga mizigo, nimebakiza kuaga, na mwanawe amevunjika moyo ila anaona haya kusema. Aje apake rangi, akae naye karibu, amtulize. Hakuambiwa zaidi ya hapo, wala hakuhitaji kuambiwa.

"Na wewe ukaja," nikasema.

"Nikaja."

"Unampenda."

"Tangu nasoma shule ya msingi." Alisema bila kuinamisha uso. "Nilikuwa nasubiri aniulize. Miaka yote nasubiri. Halafu akakuuliza wewe."

Mwenzangu, nilikuwa nimebeba matusi ya kutosha mtaa mzima, na yote yakanikauka. Unamtukana vipi mtu aliyekujibu ukweli? Nilitamani anidanganye ili nipate nafasi ya kumchukia vizuri. Nikamuuliza sasa ameona nini tangu asubuhi.

"Nimeona nimedanganywa. Kutwa Mwalimu ananisimulia habari zako. Sindano kasema hivi, Sindano kamjibu mteja vile, mpaka tunacheka. Nilikaribia kumpiga na ndoo ya rangi." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Lakini sasa hivi, uliposema njia unaijua, nimeona nafasi. Sikufichi. Ukiniachia mlango wazi nitapita, wala sitageuka nyuma kukuonea huruma."

Nilimwogopa. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa nilipomwona mzuri asubuhi, maana alisema kama mtu anayetaja bei ya kazi yake.

"Rangi inakauka kule," akasema. "Mmoja wetu arudi."

Akaninyooshea brashi. Niliitazama, kisha nikaichukua. Yeye akachukua kopo lake tupu, akatoka kwa mlango wa nyuma, nikasikia anafungua bomba uani.

Sebuleni, Mwalimu alikuwa bado anavuta rola peke yake, juu hafiki, shati limemganda mgongoni. Nilipanda ngazi bila kumsemesha. Nilianza kupaka pale Brashi alipoishia, vibaya, rangi inanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Akanifuata chini yangu. Tulikwenda hivyo kidogo, kila mtu na pumzi zake.

"Ulimpa ukoko," nikasema.

"Nilimpa. Mkono ulizoea tangu utoto. Nilipoona uso wako nikajua nimekosea, nikakosa la kusema."

"Kila mara unakosa la kusema. Na kwa mama yako pia unakosa."

Rola ikasimama.

"Unaponyamaza," nikasema, na sikumtazama, nilitazama brashi, "mimi nadhani unakubaliana naye. Nadhani unahesabu siku tu. Nilishakaa na mtu wa hivyo. Sitarudia, hata kama ni wewe, na wewe nakupenda mpaka naona aibu."

"Unadhani nakubaliana naye?" Alishangaa kwelikweli. Mtu wa hesabu nzito, hili hakuwahi kulipiga. Akasema alidhani akinyamaza, maneno ya mama yatapita tu.

"Yanapita, ndiyo. Yanapitia kwangu."

Mama mkwe alikuwa ameshaingia kutoka barazani, mkoba mkononi, akaniona juu ya ngazi, akaona na ukuta.

"Brashi yuko wapi? Na huo mstari katikati hapo ni nini?" Akafyonya. "Ndiyo matokeo ya kila mtu kujifanya fundi. Haya, nimeshaongea naye, Jumatatu atakuja kuwamalizia. Aanze na chumba cha kulala."

Chumba cha kulala. Nilishika ngazi kwa mikono miwili. Nikamtazama mume wangu, na nikaapa kimoyomoyo: akinyamaza sasa hivi, nashuka, nachukua cherehani yangu, naondoka, na safari hii si maneno ya hasira. Mwalimu akapeleka mkono kidevuni. Nikaona vidole vinakuna, macho yanateremka sakafuni. Basi, nikasema, imekwisha. Nikashusha mguu mmoja.

"Hapana, Mama," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo mno, mama yake akadhani amekohoa. Akarudia.

"Hapana. Chumba chetu tutapaka wenyewe, mimi na mke wangu. Na yaliyosemwa jikoni nimeyasikia yote, ukuta huu haufichi kitu. Umewaambia watu mke wangu anaondoka. Haondoki. Akiondoka, tunaondoka wote, na hutajua tulikokwenda."

"Mimi ni mama yako."

"Ndiyo, Mama. Na yeye ndiye mwenye nyumba hii. Kuanzia leo ukija utapiga hodi, na yeye ndiye atakayekukaribisha."

Mama mkwe akamtolea macho. "Mimi nipige hodi? Kwenye nyumba ya baba yangu mzazi? Nimezaliwa kwenye chumba kile."

"Najua," Mwalimu akasema. "Piga hodi, Mama."

Sikuwahi kuona uso wa yule mama ukiwa hauna la kusema. Aliweka mkoba begani, ukateleza, akauweka tena. Akanitazama mimi, nikadhani atanitemea neno, hakutema. Akatoka, akaubamiza mlango ambao mume wangu aliuranda kwa jasho lake.

Ningekwambia nilifurahi, ningekuwa nadanganya. Ndoto yangu yote ilikuwa ni hiyo, anitetee mbele ya mama yake, na nilipoipata nikabaki nimeng'ang'ania ngazi. Mwalimu alikaa chini sakafuni, rola mapajani, anatazama mlango uliofungwa, na machozi yanamshuka bila sauti. Nilitaka kushuka nikamshike. Nilitaka pia kumwambia asante, na neno hilo nikaliona dogo. Tulikuwa tukisikiliza mlio wa geti, maana geti lile lina kelele, mtu akitoka mtaa mzima unajua.

Geti halikulia.

Tukasubiri. Kisha mlango ukagongwa, mara moja, kwa kifundo cha kidole.

"Hodi." Sauti ilikuwa kavu, imebanwa, ya mtu anayemeza kidonge bila maji.

Mwalimu akainuka nusu, mdomo umeshafunguka kujibu kwa mazoea. Akaufunga. Akakaa tena chini, akanitazama mimi kule juu ya ngazi.

Nikashuka. Nilifuta mikono kwenye gauni, kidole kimoja baada ya kingine, nikajipanga kitambaa kichwani. Nilimwacha asimame nje kidogo, maana mimi si malaika.

"Karibu, Mama," nikasema, nikaenda kumfungulia.